Komamanga, Kapsuli na Umri: Utangulizi wa Elimu ya Kupima Ushahidi

Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba makomamanga ya Jabal Akhdar, Oman, huteremshwa kutoka Saiq na Shirayjah, yakapita Birkat al-Mouz na kufika sokoni Nizwa. Siku hizi tunda hilo lina mwenzake wa chupani. Ni kapsuli ya kitu kiitwacho urolithini A, ambacho mwili wa mtu aliyekula komamanga huweza kukitengeneza, na wauzaji wake wanasema kinapunguza kasi ya uzee. Ndugu zetu walioko Dubai, London na Toronto huwaletea wazee wao wa Ibra na Sur chupa za namna hii pamoja na halua na nguo za Idi. Pengine chupa ni ya resveratroli, pengine ya manjano, pengine ya chai ya kijani. Mzee hushukuru, huiweka kwenye rafu karibu na dawa zake za presha na sukari, halafu humgeukia mjukuu aliyesoma na kumuuliza: hii kweli inaongeza umri?

Utangulizi huu nimeuandika kwa ajili ya mjukuu huyo. Si lazima awe daktari wala mkemia. Inatosha awe anasoma kwa makini na anampenda mzee wake kiasi cha kutotaka kumdanganya.

Ajali ya mja anaijua Mola wake, na hapo sina la kuongeza. Lakini tumeamrishwa kutafuta dawa, na wazee wa nchi hii walilichukulia jambo hilo kwa uzito. Tabibu Ibn al-Dhahabi, mzaliwa wa Suhar aliyefariki Valencia, Andalusia, mwaka 1033, aliandika kamusi ya tiba iliyopangwa kwa herufi za alfabeti, Kitab al-Maa, na ndani yake akaeleza magonjwa, mimea na dawa. Dai lililoandikwa kwenye chupa ni dai kuhusu miili ya watu, na dai la namna hiyo linaweza kuchunguzwa. Uchunguzi huo una kanuni zake. Kanuni hizo ndizo fani ninayokukaribisha kuingia.

Tuanze na kitu chenyewe. Polifenoli ni jina la jamii kubwa ya kemikali za mimea. Zinazojulikana ni zaidi ya 8,000. Ndizo zinazotia rangi nyekundu kwenye mbegu za komamanga, uchungu kwenye chai iliyokolea, na ule ukakasi unaoukausha ulimi ukitafuna tende changa au ganda la komamanga. Mmea huzitumia kujikinga na jua, wadudu na ukungu. Hazikuumbwa kwa ajili ya moyo wa binadamu, ingawa hilo peke yake halizuii kwamba zinaweza kumfaa. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walipanga vyakula 100 kwa wingi wa polifenoli, na kilichokaa juu kabisa kilikuwa karafuu. Wengi wetu ambao babu zetu walilima Unguja na Pemba tungefurahi hadithi ikiishia hapo. Lakini hakuna anayekula gramu 100 za karafuu, na wingi wa kitu ndani ya chakula hausemi kitafanya nini kikishamezwa.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa, na ndilo kosa linalouza chupa nyingi zaidi. Kwa miaka mingi polifenoli zilisifiwa kwa sababu ndani ya chupa ya maabara huzima kemikali haribifu zinazotokana na oksijeni. Kazi nzuri ya aina hiyo imefanywa hata kwa tende zetu. Mwaka 2005 Mohamed Al-Farsi na wenzake walichapisha vipimo vya tende tatu za Oman, Fardh, Khasab na Khalas, mbichi na zilizokaushwa juani. Waliona kwamba rangi za jamii ya anthosianini zilipatikana kwenye tende mbichi tu. Huu ni utafiti wa kemia ya chakula, na kama kemia ya chakula una thamani yake. Matatizo huanza mtu anapoichukua namba ya chupa ya maabara na kuigeuza ahadi ya uhai. Wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali maarufu la namba hizo kwa mamia ya vyakula. Mwaka 2012 ililiondoa, ikieleza kwamba namba zile hazionyeshi athari yoyote kwa afya ya mtu na kwamba wauzaji walikuwa wakizitumia vibaya. Onyo kali zaidi lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 1994 huko Ufini. Wanaume wavutaji sigara 29,133 waliingia kwenye jaribio ambamo baadhi walipewa betakarotini, rangi ya karoti yenye sifa ileile ya kuzima oksijeni haribifu. Waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Si polifenoli, najua, lakini nadharia iliyowapa matumaini ilikuwa hiyohiyo.

Ukitoka kwenye chupa ya maabara unafika kwa viumbe hai, na hapa urolithini ina habari ya kupendeza. Ganda na maji ya komamanga vina kemikali kubwa iitwayo punikalajini. Tumboni huvunjika ikawa asidi ya elajiki, kisha bakteria wa utumbo mpana huikata zaidi, hatua kwa hatua, hadi ikawa urolithini. Mwaka 2016 watafiti wa Lausanne, Uswisi, waliripoti kwamba minyoo midogo ya udongoni iliyopewa urolithini A iliishi asilimia 45 zaidi, na panya wazee waliopewa walikimbia asilimia 42 zaidi ya wenzao. Sababu waliyoipendekeza inaeleweka. Ndani ya seli kuna vinu vya nishati viitwavyo mitokondria, na vinu vikichakaa mwili una utaratibu wa kuvibomoa na kutumia tena vipande vyake. Uzee hupunguza utaratibu huo, na urolithini ilionekana kuuamsha.

Habari hii naipenda. Lakini mnyoo huo huishi wiki mbili au tatu tu, na asilimia 45 ya wiki tatu ni siku tisa.

Kwa nini niwe mgumu hivi? Kwa sababu ya resveratroli, ambayo kila anayeingia katika fani hii anapaswa kuijua tangu mwanzo hadi mwisho. Ni polifenoli ya ganda la zabibu. Mwaka 2003 kundi lililomhusisha David Sinclair wa Chuo Kikuu cha Harvard lilitangaza katika jarida la Nature kwamba hamira iliyopewa resveratroli iliishi asilimia 70 zaidi. Mwaka 2006 zikaja habari za panya waliolishwa mafuta mengi ambao, wakipewa resveratroli, waliishi zaidi ya panya wanene wenzao. Mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ikainunua Sirtris, kampuni iliyojengwa juu ya ugunduzi huo, kwa dola milioni 720. Magazeti ya dunia nzima yakaandika kuhusu kidonge cha ujana.

Kisha ikaanza kazi ya kurudia, kazi isiyopigiwa tarumbeta. Panya wasio wanene, waliokula chakula cha kawaida, hawakuongezewa umri. Kipimo cha maabara kilichoonyesha kwamba resveratroli huiamsha enzimu fulani kilitegemea rangi inayong'aa iliyobandikwa kwenye molekuli ya kupimia, na rangi hiyo ilipoondolewa athari nayo ikapotea. Jaribio la aina maalumu ya resveratroli kwa wagonjwa wa saratani ya uboho lilisimamishwa mwaka 2010 baada ya baadhi yao kuharibikiwa figo. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut kilitangaza kwamba mtafiti wake Dipak Das, mwandishi mashuhuri wa makala za resveratroli na moyo, alikuwa ameghushi takwimu, na uchunguzi ulihesabu matukio 145. Mwaka 2013 GlaxoSmithKline ikafunga ofisi za Sirtris.

Katika miaka hiyohiyo taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia uzee iliendesha mpango ambao kwangu ni mfano bora wa uadilifu wa kisayansi. Kila kitu kinachodaiwa kurefusha umri hujaribiwa kwa wakati mmoja katika maabara tatu zilizo mbali, Maine, Michigan na Texas. Panya wanaotumika ni wa damu mchanganyiko, si wa ukoo mmoja, ili matokeo yasiwe sifa ya ukoo huo. Resveratroli haikuwarefushia umri. Kiini cha manjano, kurkumini, hakikufanya hivyo. Dondoo ya chai ya kijani haikufanya hivyo. Fisetini, polifenoli nyingine iliyosifiwa sana, nayo haikufanya hivyo. Lakini dawa iitwayo rapamaisini iliongeza umri mwaka 2009, na ikaongeza tena iliporudiwa. Jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu linathibitisha kwamba mizani ile inaweza kuonyesha faida pale faida ilipo. Polifenoli hazikukosa nafasi ya kujieleza.

Sasa tuje kwa watu.

Njia ya kwanza ya kuchunguza watu ni kuwatazama wanavyoishi. Njia hii inavutia kwa sababu kila mmoja wetu anamjua mzee wa Jabal Akhdar aliyekula makomamanga maisha yake yote na bado anapanda ngazi za mashamba ya kilimani. Chukua mkulima wa Ibra aliyejaribu mbolea mpya. Akaiweka kwenye mitende iliyo karibu na kichwa cha falaj tu, yaani mfereji wa kumwagilia, na mwisho wa msimu mitende hiyo ikazaa kupita mingine yote. Jirani yeyote mwenye akili atamuuliza: ni mbolea, au ni maji? Watu wanaomeza kapsuli za polifenoli ndio mitende ya kichwa cha falaj. Kwa kawaida wana fedha, hawavuti sigara, hutembea baada ya alfajiri, huenda kwa daktari mapema. Wakiishi zaidi, hatujui ni nini kilichowaishisha. Watafiti hujaribu kuondoa tofauti hizo kwa hesabu, na hesabu husaidia, lakini huondoa kile tu walichokumbuka kukipima.

Uchunguzi mmoja wa namna hii ulifanywa vizuri na unafaa kusomwa. Katika eneo la Chianti, Italia, nchi ya zabibu, wazee 783 wenye miaka 65 na zaidi walipimwa mabaki ya resveratroli kwenye mkojo, kisha wakafuatiliwa kwa miaka tisa. Sifa ya uchunguzi huu ni kwamba watafiti hawakuwauliza wazee wanakula nini. Walipima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: wenye resveratroli nyingi na wenye kidogo walikufa kwa kiwango kilekile, wakapata magonjwa ya moyo na saratani kwa kiwango kilekile.

Kuna tatizo lingine katika kutazama wazee, na linatugusa sisi kwa karibu. Ili kusema mtu ameishi miaka 105 ni lazima ujue alizaliwa lini. Wazee wengi wa mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah hawakuandikwa popote walipozaliwa. Umri wao huhesabiwa kwa matukio: alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi vita vya Jabal Akhdar vilipomalizika Januari 1959, alikuwa ameolewa Unguja yalipotokea mapinduzi ya Januari 1964, alikuwa na watoto wawili Sultan Qaboos alipotwaa utawala Julai 1970. Naiheshimu hesabu hii. Familia nyingi huitunza kwa uangalifu, na mtafiti mwenye subira, anayejua Kiswahili na Kiarabu na anayejua kuketi na bibi mpaka kahawa iishe, anaweza kuitumia kupata mwaka ulio karibu na ukweli. Lakini ikichukuliwa kwa haraka, makosa yake huelekea upande mmoja, upande wa kuongeza. Mtafiti Saul Newman alionyesha kwamba majimbo ya Marekani yalipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa, idadi ya watu waliosemekana kufika miaka 110 ilishuka kwa asilimia 69 hadi 82. Kwa hiyo ukisoma kwamba katika kijiji fulani watu huishi sana kwa sababu ya tunda fulani, swali la kwanza liwe la rejista, la tunda lifuate.

Njia ya pili ni jaribio lenyewe. Watu hugawanywa kwa bahati nasibu. Wengine hupewa kitu, wengine kapsuli tupu iliyofanana nacho kwa kila hali, na mpaka mwisho si mpimaji wala mpimwaji anayejua nani amepata nini. Natamani kila msomaji aelewe kwa nini usumbufu wote huu ni wa lazima, na sina mfano bora kuliko urolithini yenyewe.

Mwaka 2022 jarida la JAMA Network Open lilichapisha jaribio la watu 66 wenye miaka 65 hadi 90. Kundi moja lilipewa miligramu 1,000 za urolithini A kila siku kwa miezi minne, jingine kapsuli tupu. Watafiti walikuwa wametaja mapema vipimo vyao viwili vikuu: umbali ambao mtu anaweza kutembea kwa dakika sita, na uwezo wa msuli wa mkono kuzalisha nishati. Miezi minne ilipokwisha, waliomeza urolithini walikuwa wameongeza wastani wa mita 60.8 katika dakika zao sita.

Hebu fikiria mzee wako. Alikuwa akipumzika mara moja kabla ya kufika msikitini, sasa anafika bila kupumzika. Angekueleza kwa furaha, angewaeleza wenzake, na wewe ungemnunulia chupa ya pili. Kila mmoja angesema ukweli mtupu wa alichokiona.

Lakini waliomeza kapsuli tupu waliongeza mita 42.5.

Hapo ndipo fani hii ilipo. Zile mita 42 zilitoka wapi? Mtu aliyepimwa mara ya kwanza hajui njia wala mwendo unaotakiwa, mara ya pili anajua. Mtu anayejua kwamba anafuatiliwa hutembea zaidi nyumbani pia. Anayetumaini hujikaza. Na aliyeandikishwa siku zake mbaya huelekea kupata nafuu hata asipopewa kitu. Hayo yote huwapata pia waliomeza dawa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile mita 60 haikuwa ya urolithini, na tofauti iliyobaki, kama mita 18, haikutosha kuondoa uwezekano kwamba ni bahati tu. Kipimo cha pili kikuu nacho hakikuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Haki lazima itendeke pande zote. Jaribio hilohilo lilipima pia ustahimilivu wa misuli, yaani misuli midogo ya mkono na ya mguu inaweza kujikunja mara ngapi kabla ya kuchoka. Hapo waliomeza urolithini waliwashinda wenzao kufikia mwezi wa pili, na baadhi ya vipimo vya damu navyo vilikwenda upande mzuri. Jaribio jingine la mwaka huohuo, la watu 88 wa makamo wenye uzito uliozidi, lilipata ongezeko la nguvu za msuli wa paja la karibu asilimia 12, ingawa kipimo chake kikuu, nguvu ya juu kabisa kwenye baiskeli, hakikutofautiana na cha kapsuli tupu. Mimi nayasoma matokeo haya kama sababu ya kufanya jaribio kubwa zaidi. Siyasomi kama sababu ya kununua. Ukipima vitu ishirini, kwa wastani kimoja kitaonekana kimefaulu hata kapsuli ikiwa na unga wa mchele, ndiyo maana tunawataka watafiti wataje kipimo kikuu kabla hawajaanza. Kampuni ya Amazentis ya Uswisi, inayoiuza urolithini, ndiyo iliyokuwa nyuma ya kazi hizi. Si aibu, kwani majaribio hugharimu fedha nyingi na mara nyingi hakuna mwingine wa kulipa, na kampuni hii imechapisha hata yasiyoipendeza. Msomaji ajue tu.

Na umri je? Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba urolithini, resveratroli au polifenoli nyingine yoyote ya kapsuli humwongezea binadamu miaka. Jaribio la umri linataka maelfu ya watu na miaka mingi. Lililokaribia zaidi ni la Marekani kuhusu polifenoli za kakao, lenye watu 21,442 waliofuatiliwa kwa takriban miaka mitatu na nusu. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Kipimo chake kikuu, jumla ya matukio ya moyo na mishipa, hakikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Vifo vya moyo peke yake vilipungua kwa asilimia 27, lakini hicho hakikuwa kipimo kikuu. Ni dalili nzuri kuliko nyingi nilizoziona katika uwanja huu, na inangoja kurudiwa.

Mjukuu ataniuliza: basi ameze tu, si mmea? Hapana. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilieleza mwaka 2018 kwamba dondoo ya chai ya kijani yenye miligramu 800 au zaidi kwa siku za polifenoli yake kuu huweza kupandisha vimeng'enya vya ini, dalili kwamba ini linaumia. Birika la chai halina neno. Dondoo ni kitu kingine. Manjano ya mchuzi hayana neno pia, lakini kapsuli za kurkumini zilihusishwa na wagonjwa wa homa ya ini Italia mwaka 2019. Kwa kawaida kurkumini hufyonzwa kidogo mno, na kapsuli nyingi huongezwa kiini cha pilipili manga ili kiasi kingi zaidi kiingie kwenye damu. Kwa mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mazao haya yote, pamoja na maji mengi ya komamanga, ni jambo la kumweleza daktari kabla ya kuanza.

Kuna jaribio dogo la Denmark la mwaka 2013 ambalo hunisumbua kila nikilikumbuka. Wanaume 27 wenye wastani wa miaka 65 walifanya mazoezi makali kwa wiki nane, baadhi wakimeza miligramu 250 za resveratroli na wengine kapsuli tupu. Wote walifaidika na mazoezi, lakini waliomeza kapsuli tupu walifaidika zaidi. Pumzi yao iliongezeka kuliko ya wenzao, na shinikizo la damu lilishuka kwao, wala halikushuka kwa waliomeza resveratroli. Ni watu wachache, na jaribio moja halihukumu. Lakini fikiria mzee wa Sur anayetembea pwani kila asubuhi kwa ajili ya moyo wake, na mtoto wake akimtumia kwa upendo kitu ambacho huenda kinakula faida ya matembezi yake.

Yupo atakayeona kwamba elimu hii ni ya kukataa tu. Atazame basi nchi hii yenyewe. Mwaka 1970 mtu aliyezaliwa Oman alitazamiwa kuishi takriban miaka 50. Leo ni zaidi ya 75. Mwaka 2010 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa liliiweka Oman mbele ya nchi 135 kwa hatua zilizopigwa katika miaka 40. Hakuna jamii ya Sharqiyah wala Dakhiliyah iliyoanza kula makomamanga mwaka 1970. Walikuwa wakiyala tangu zamani. Zilizoingia ni chanjo, maji safi, vita dhidi ya malaria, wakunga waliofunzwa, na barabara ya kumfikisha mgonjwa hospitali kabla ya usiku kuingia. Kila kimoja kati ya hivyo kina ushahidi wa aina ninayoieleza hapa. Elimu inayokataa kapsuli ndiyo iliyozikubali chanjo, kwa mizani ileile.

Na kazi iliyobaki ni nyingi, sehemu yake ikiwa hapa hapa. Si kila anayekula komamanga anayepata urolithini. Inategemea bakteria wa utumbo wake, na vipimo vya nchi za Magharibi vinaonyesha kwamba ni kama asilimia 40 tu ya watu wanaoitengeneza ya kutosha. Watafiti wa Murcia, Hispania, wakiongozwa na Francisco Tomás-Barberán, wamewagawa watu katika makundi matatu kwa kutazama mkojo wao baada ya kunywa maji ya komamanga. Kundi moja halitoi urolithini kabisa. Bakteria hutegemea chakula cha mtu, dawa alizowahi kumeza, na pengine alikokulia. Waliokulia Saiq juu ya mlima, waliokulia Sur kwa samaki, na waliokulia Ng'ambo ya Unguja kwa muhogo na nazi kabla ya kurudi Ibra, hawana sababu ya kufanana tumboni.

Swali hili linaweza kuchunguzwa kwa gharama ndogo. Chuo Kikuu cha Nizwa kipo Birkat al-Mouz, palepale barabara ya Jabal Akhdar inapoanzia, na kituo chake cha utafiti kinashughulika na mimea ya dawa ya Oman. Ibra nayo ina Chuo Kikuu cha Sharqiyah. Kinachotakiwa ni glasi ya maji ya komamanga iliyopimwa, mkojo wa saa 24, mashine ya kutenganisha kemikali, na watu wa rika mbalimbali waliokubali baada ya kuelezwa kwa lugha yao. Mwanafunzi anayekizungumza Kiswahili cha bibi yake ataingia nyumba ambazo mwingine atabaki barazani. Aandike mapema atapima nini. Asiyetoa urolithini naye ahesabiwe, kama anavyohesabiwa anayetoa, na matokeo yakija kwamba makundi yetu hayatofautiani na ya Murcia, achapishe hivyohivyo, ili atakayeuziwa kapsuli kwa jina la Jabal Akhdar awe na kitu cha kumsomea muuzaji.